Kiungio Kidogo cha Mpira wa Hita Chaweza Kuua Injini

Mdharau mwiba, walisema wahenga, guu huota tende. Katika magari makuukuu yapitayo barabara za Uganda, mwiba huo mara nyingi ni kipande cha plastiki kitoshacho katika kiganja cha mtoto. Kimejificha nyuma kabisa ya injini, karibu na ukuta wa bati utenganishao injini na abiria, na huenda mwenye gari hajapata kukiona hata siku moja.

Mfano ufuatao wafanana na mikasa mingi wanayokutana nayo mafundi wa magari. Askari mmoja mstaafu alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua Toyota Land Cruiser ya aina ya 100, iliyoagizwa kutoka Japani ikiwa imekwisha tumika miaka mingi. Gari lilikuwa zuri. Rangi yake iling'aa, matairi yalikuwa mapya, na mafuta ya injini yalibadilishwa kwa wakati wake.

Siku moja alfajiri alitoka Kampala kuelekea Kabale, safari ya kilomita zipatazo 400. Ndani ya gari walikuwamo mkewe, binti yao, wajukuu wawili, na mama yake mzee ambaye alikuwa akienda kumzika kaka yake. Mazishi yalipangwa kufanyika saa nane mchana.

Walipotua Mbarara kutia mafuta, mkewe alivuta hewa puani akasema, "Baba, gari lanukia utamu, kama sukari iliyopata moto."

"Ni joto la safari tu, mama," alijibu mumewe. "Tutafika."

Walipoipita Ntungamo na kuanza kupanda milima, mvuke mweupe ulianza kutoka chini ya boneti. Sindano ya joto ikapanda. Mzee alitazama mbele akaona kilele hakiko mbali, akaamua kujikokota hadi huko apate mahali pazuri pa kusimama. Kilomita mbili baadaye injini ilinguruma kwa sauti ya chuma kikavu, ikazimika. Haikuwaka tena.

Gari la kukodi lilipowafikisha Kabale, kaburi lilikuwa limekwisha fukiwa. Mama mzee aliweka shada la maua juu ya udongo mbichi, akakaa kimya.

Siku ya tatu fundi alimwonyesha mzee vipande vitatu vya plastiki nyeusi vilivyomeguka kama biskuti. "Mzee, injini haikuwa na kosa," alisema. "Iliyoiua ni hii. Ni kiungio cha mipira ya hita ya nyuma."

"Hita?" mzee alistaajabu. "Tangu ninunue gari hili sijapata kuiwasha!"

HITA ISIYOWASHWA, MAJI YASIYOLALA

Mshangao wa mzee yule ni mshangao wa wengi. Katika nchi ya joto, hita huonekana kuwa pambo tu lililokuja na gari. Lakini hita ya gari haina moto wake yenyewe. Hutumia maji yale yale yapozayo injini.

Pampu ya maji huyazungusha maji ndani ya injini. Sehemu kubwa huenda mbele kwenye rejeta kupozwa na upepo. Sehemu nyingine hupita katika mipira miwili, hupenya ukuta wa bati, na kuingia katika rejeta ndogo iliyo chini ya dashibodi, kisha hurudi kwenye injini. Dereva anapowasha hita, feni hupuliza hewa katika rejeta hiyo ndogo, na joto huingia walipo abiria.

Nchini Japani, ambako majira ya baridi huja na theluji, magari mengi ya familia huwekwa hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma. Ili maji yagawanyike kwenda mbele na nyuma, kila mpira huwekewa kiungio chenye umbo la herufi T. Kimoja hugawa maji yaendayo, na kingine hukusanya yarudiyo. Ndiyo maana Land Cruiser ya aina hii yenye hita ya nyuma ina viungio viwili vya namna hiyo, na kutoka kiwandani vyote viwili ni vya plastiki.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba viungio hivi havijui kama hita imewashwa au imezimwa. Hata pale ambapo vali imefungwa ili maji yasiingie katika hita, viungio hubaki vimejaa maji ya moto yenye presha muda wote injini inapofanya kazi. Asiyewasha hita kamwe na aiwashaye kila siku wote wana hatari ile ile.

KWA NINI HUVUNJIKA

Plastiki, kama mwanadamu, huzeeka. Ikiwa mpya huweza kupinda kidogo na kurudi. Baada ya kupashwa moto na kupoa maelfu ya mara, hukauka, hubadilika rangi, na huwa dhaifu kama ganda la yai. Mtikisiko wa barabara mbovu na maji machafu ya rejeta huharakisha uzee huo.

Land Cruiser ya aina ya 100 ilianza kuuzwa mwaka 1998, na uundaji wake ulikoma mwaka 2007. Kwa hiyo hata lile lililo changa kuliko yote limekwisha kula chumvi nyingi. Mwenye gari la umri huo asiyejua kama viungio vyake vimepata kubadilishwa na ahesabu kwamba havijabadilishwa. Magari mengine mengi yaliyoletwa kutoka nchi za baridi yana viungio vinavyofanana na hivyo, nayo yahitaji kukaguliwa.

Nchi ya milima huongeza hatari moja zaidi. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye digrii 100 za joto. Kabale iko kwenye kimo cha mita zipatazo 2,000, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 93 hivi. Injini nyingi hufanya kazi katika joto lililo karibu na hilo. Maji hayachemki kwa sababu kifuniko cha rejeta huyafungia ndani kwa presha, nayo presha huyawezesha kustahimili joto la zaidi ya digrii 110. Kiungio kinapopasuka presha yote hutoka kwa dakika moja. Maji yaliyobaki huchemka papo hapo na kuwa mvuke, na mvuke hauwezi kuipoza injini.

DALILI ZA KUANGALIWA

Kiungio kibovu mara nyingi hutoa onyo, ikiwa yupo wa kulisikia. Onyo la kwanza ni harufu tamu, kama aliyoisikia yule mama kule Mbarara. Harufu hiyo ni ya kipozeo, yaani dawa ichanganywayo na maji ya rejeta. Abiria akiitaja, dereva asimpuuze.

Onyo la pili ni kupungua kwa maji katika tangi dogo la akiba, wiki baada ya wiki, bila tone kuonekana chini ya gari. Onyo la tatu ni utando mkavu, mweupe au wa rangi ya kipozeo, kuzunguka mwisho wa mpira. Onyo la nne ni plastiki iliyopoteza weusi wake na kuwa ya kijivu au kahawia, au yenye nyufa nyembamba kama nywele.

Ukaguzi hufanywa injini ikiwa baridi, kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi. Macho yatumike kuliko mikono. Kiungio kizee kikitikiswa ili kijaribiwe, huenda kikavunjikia mkononi, na gari likakwama uani kabla kipya hakijapatikana. Kwa sababu hiyo, vipuri vinunuliwe kwanza, ndipo mkono utiwe.

KUCHAGUA VIPURI

Viungio vipya viwe na vipenyo sawasawa na vya zamani. Mipira ya hita katika magari mengi ina upenyo wa ndani wa milimita 16 au 19 hivi, lakini matawi ya T moja yaweza kutofautiana, hivyo yapimwe yote matatu.

Viungio vya plastiki vya kiwandani vyafaa, mradi mwenye gari akumbuke kuvibadilisha tena kabla havijafikisha miaka 10. Wengine hupendelea vya shaba nyeupe, ambavyo havikauki wala kumeguka. Lakini kiwe kiungio kilichotengenezwa kwa ajili ya mipira, chenye ukingo ulioinuka karibu na kila ncha. Kipande cha bomba la maji ya nyumbani kisicho na ukingo huo hakifai, kwa kuwa presha huusukuma mpira ukachomoka. Chuma kitupu nacho hushika kutu upesi.

Mipira nayo itazamwe. Ikiwa imekuwa migumu, imevimba au ina nyufa, ibadilishwe pamoja na viungio. Kuweka kiungio kipya katika mpira uliooza ni kushona kiraka kipya juu ya nguo iliyochakaa.

KAZI YENYEWE

Kazi hii haihitaji karakana kubwa. Yahitaji plaisi, bisibisi, wembe, beseni safi, matambara, na subira.

Kwanza, gari lilale usiku kucha bila kuwashwa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kamwe injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yaliyofungiwa humo huruka na kuunguza uso na mikono. Mtu akiungua, mahali palipoungua papozwe kwa maji safi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe kwa mganga. Asipakwe dawa ya meno, samli wala mafuta.

Pili, kifuniko kifunguliwe, na maji kiasi yatolewe kwa bomba la chini ya rejeta yaingie katika beseni, ili yashuke chini ya usawa wa viungio.

Tatu, klipu zisogezwe nyuma kwa plaisi. Mpira ulioshikamana usivutwe kwa nguvu. Ikiwa nao utabadilishwa, upasuliwe kwa wembe kwa urefu, kisha ubanduliwe kama ganda la ndizi. Hapa ndipo wengi hukosea: huvuta kwa pupa, wakaupinda mrija mwembamba wa rejeta ndogo ya hita, na hasara ya shilingi kidogo ikageuka kuwa kazi ya kung'oa dashibodi nzima.

Nne, kiungio kikivunjika wakati wa kutolewa, vipande vyote vikusanywe na kupangwa pamoja juu ya kitambaa hadi umbo la T likamilike. Kipande kilichopotea huenda kimo ndani ya mpira, na kikisafiri na maji kitakwenda kuziba njia nyembamba za hita au za rejeta.

Tano, ncha za kiungio kipya zilowanishwe kwa maji matupu ili mpira uteleze. Grisi na mafuta ya injini visitumike, kwa kuwa huilainisha na kuiharibu mipira ya aina hii. Mpira usukumwe hadi uupite ukingo ulioinuka na kukaa vizuri, kisha klipu iwekwe nyuma ya ukingo huo, si juu yake.

Sita, klipu za springi za kiwandani zisidharauliwe. Hubana kwa nguvu ile ile plastiki inapotanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Klipu za skrubu zafaa pia, lakini mkono mzito huzikaza hadi zikaipasua plastiki mpya siku ile ile. Zikazwe kiasi cha kuzuia mpira usizunguke, basi.

KUJAZA MAJI

Wengi hufanya yote hayo vizuri, kisha huua injini kwa haraka ya mwisho. Hewa iliyobaki ndani huzuia maji yasizunguke, na injini huchemsha ingawa rejeta yaonekana kujaa.

Gari lisimamishwe pua ikiwa juu kidogo. Hita zote, ya mbele na ya nyuma, ziwekwe kwenye joto la mwisho ili vali zifunguke. Kipozeo kimiminwe polepole huku mipira mikubwa ikiminywa kwa mkono ili mapovu yapande. Kisha injini iwashwe kwa mwendo wa kutulia, na kiwango kiongezwe kinaposhuka, hadi hewa ya moto itoke katika hita zote mbili. Ndipo kifuniko kifungwe. Baada ya safari fupi na usiku mmoja wa kupoa, kiwango kitazamwe tena.

Kipozeo kinachouzwa bila kuchanganywa hutiwa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima peke yake huacha utando ndani ya injini na kuleta kutu. Wasemao kwamba kipozeo ni cha nchi za theluji tu wamekosea, kwa kuwa kazi yake ni pamoja na kuzuia kutu na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Vipozeo vya aina mbalimbali visichanganywe ovyo.

SUMU YENYE LADHA TAMU

Jambo hili lawahusu akina mama na akina baba sawasawa. Vipozeo vingi vina ladha tamu na rangi nzuri ya kijani au nyekundu, mfano wa sharubati. Kumbe ni sumu iharibuyo figo, na kiasi kidogo chaweza kumwua mtoto, mbwa au mbuzi.

Beseni lisiachwe uani hata kwa dakika chache. Kipozeo kisitiwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Kilichomwagika kioshwe kwa maji mengi, na kilichotumika kisimwagwe mtaroni wala karibu na kisima, bali kipelekwe karakana iwezayo kukihifadhi. Mtoto akinywa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chombo kilichokuwa na dawa hiyo, hata kama bado acheza na kucheka. Madhara yake huchelewa kuonekana.

LIKITOKEA NJIANI

Mwenye gari lenye viungio vya namna hii na aweke chini ya kiti mfuko wenye viungio viwili vilivyonyooka vya upenyo ule ule, klipu nne, bisibisi na lita chache za maji. T moja ikivunjika, T zote mbili huondolewa, mipira mikuu miwili ya kila upande huunganishwa moja kwa moja, na matawi yote mawili ya nyuma huachwa nje ya mzunguko. Hita ya nyuma haitafanya kazi, lakini safari itaendelea. Wako hata wanaoamua kuacha hivyo daima, pande zote mbili, na katika nchi ya joto huo si uamuzi mbaya. Hita ya mbele, hata hivyo, yafaa kubaki, kwa kuwa ukungu wa asubuhi kule Kigezi hufunika kioo, na hewa yake ya moto humsaidia dereva kuona.

Lakini hayo yote hufuata amri moja iliyo kubwa kuliko zote: sindano ya joto ikipanda au mvuke ukionekana, simama mara moja mahali salama na uzime injini. Usiutamani mji ulio mbele wala kilele kilicho karibu. Wala usidanganywe na sindano ikishuka ghafla, kwa sababu kipima joto kisichoguswa tena na maji chaweza kuonyesha baridi ilhali chuma chaungua. Ngoja hadi injini ipoe kabisa, hata kama ni saa nzima au zaidi. Maji baridi yakimwagwa katika injini iliyowaka yaweza kuipasua.

Mzee yule, laiti angesimama pale mvuke ulipoanza, angepoteza saa mbili na kipande cha plastiki. Alipojikokota kilomita mbili, silinda hedi zilipinda, gasketi zikaungua, na kiinua mgongo kilichobaki kikaenda katika injini nyingine.

Dereva wa gari la jeshi au la polisi ana sababu ya ziada ya kuzingatia haya. Gari alilokabidhiwa ni mali ya umma, na siku litakapohitajika kumpeleka mgonjwa au kuwafikia waliopatwa na maafa, udhuru wa kiungio kilichokatika hautamfaa mtu. Ukaguzi wa viungio hivi na uandikwe katika daftari la gari pamoja na ule wa mafuta na matairi.

Injini mpya ya mzee sasa yafanya kazi vizuri, na viungio vyake ni vya shaba. Kila kabla ya safari ndefu hufungua boneti akiwa na tochi mkononi. Mkewe husimama kando yake, na kabla hawajaondoka mzee humwuliza, "Mama, wasikia harufu yoyote?" Hawashi injini kabla hajajibiwa.